Fundi wa Malaba aliyemjengea mke mwenzake makabati ya jikoni

Saa moja asubuhi mjini Malaba. Malori ya kwenda Uganda yamepanga foleni kutoka mpakani hadi mbali kwenye kilima, na madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Nyuma ya safu ya maduka yanayotazamana na stesheni ya reli, Petronilla Akiror amepiga magoti juu ya blanketi kuukuu.

Juu ya blanketi umelazwa ubao mpana wa plaiwudi, unang'aa kama meza iliyofutwa sasa hivi. Petronilla hajashika msumeno. Kwanza anabandika utepe wa karatasi pale anapotaka kukata, anachora mstari kwa penseli, kisha anapitisha kisu kando ya rula ya chuma. Anarudia, anarudia tena, taratibu, hadi ngozi ya juu ya ubao inakatika.

Ndipo anapochukua msumeno wenye meno madogo na kuanza kukata, uso unaong'aa ukiwa juu. Hakuna anayeruhusiwa kumsemesha hadi kipande kidondoke.

"Hii plaiwudi haina msamaha," anasema baadaye, akipuliza vumbi. "Mbao ya kawaida ukikosea unapiga randa, unapiga msasa, unapaka vanishi, hakuna mtu atajua. Hii imepakwa vanishi huko kiwandani. Ukiikwaruza, umeikwaruza. Itabaki hivyo mpaka mwenye nyumba afe."

Wateja wake huiita plaiwudi iliyoiva, kwa kuwa inatoka kiwandani ikiwa tayari. Haihitaji msasa wala vanishi. Petronilla, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ndiye fundi anayetajwa kwanza kati ya Malaba na Busia mtu anapotaka makabati ya jikoni yaliyotengenezwa kwa plaiwudi hiyo.

Anapoambiwa kwamba gazeti limekuja kwa sababu watu wanamsifu kwa kumjengea mke mwenzake jikoni zuri kuliko yote Busia, anatua kisu chini.

"Nyinyi watu wa magazeti mnapenda kuandika mama mvumilivu, mama mwenye roho safi," anasema. "Mimi si huyo. Mimi niko na wivu. Niko nao mwingi, na hiyo ndiyo ilifanya ile kazi ikawa nzuri. Ukitaka kuandika, andika hivyo."

Petronilla alizaliwa nje kidogo ya Amagoro, mtoto wa fundi seremala aitwaye Ongodia. Baba yake alitengeneza mabenchi ya kanisa na majeneza, yote kwa mbao za mvule. Kaka zake walikimbilia mpakani kupakua mizigo, kwa hiyo yeye ndiye aliyebaki kumshikia mzee upande wa pili wa ubao.

"Papa hakunifundisha," anakumbuka. "Alikuwa ananikaripia tu. Nikishika vibaya, anakaripia. Nikishika vizuri, ananyamaza. Nilijifunza kwa kunyamaza kwake."

Aliolewa na Egwang, aliyekuwa karani mdogo katika ofisi ya watu wanaoshughulikia makaratasi ya mizigo mpakani. Hawakuwa na kitu. Kitanda chao cha kwanza alikitengeneza Petronilla mwenyewe, kwa mvule aliopewa na baba yake siku ya kuondoka nyumbani.

Ilikuwa mwaka 1993 alipokutana na plaiwudi iliyoiva. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akipeleka shehena yake Kampala, mvua ikaingia chini ya turubai na mbao za chini zikalowa pembeni. Mnunuzi akazikataa. Zikashushwa kando ya barabara Malaba, na mafundi wakazizunguka wakizicheka.

"Walisema hiyo ni karatasi, si mbao," anasema Petronilla. "Mimi niliangalia ule uso. Nikafikiria vile Malaba vanishi inakataa kukauka ikinyesha, vile vumbi ya malori inashika juu yake. Nikasema, hii mtu amenimalizia nusu ya kazi."

Alinunua zile ambazo hakuna aliyezitaka. Ubao wa kwanza aliukata kwa msumeno wa baba yake wa kukatia mvule, na uso wake ukabanduka kama ganda la ndizi. Wa pili aliugongomelea misumari, na kila kichwa cha msumari kikaonekana kama ndui usoni. Wa tatu alimwaga gundi pembeni akachelewa kuifuta, ikaacha doa ambalo halikutoka tena.

Baada ya hapo akajua la kufanya. Hukata kwa kisu kwanza. Huunga kwa gundi na skrubu, na skrubu huingilia ndani ambako jicho la mgeni halifiki. Kingo za plaiwudi, zile zinazoonyesha tabaka zake kama chapati iliyokunjwa, huzifunika kwa ukanda mwembamba wa mvule. Gundi ikichungulia huifuta papo hapo kwa kitambaa chenye maji. Na kabati lake halikai sakafuni moja kwa moja. Hulipandisha juu ya kitako cha mbao ngumu, ili maji ya kupigia deki yasifike kwenye plaiwudi na kuivimbisha.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Beldina, muuguzi aliyejenga nyumba Nambale. Baada ya Beldina wakaja walimu, wenye maduka, na wake za maofisa wa mpakani.

Egwang naye alikuwa akipanda. Alifungua ofisi yake mwenyewe ya makaratasi ya mizigo, akanunua gari, akaanza kuvaa tai. Kazi zikamfanya alale Busia mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu. Mwaka 1996 Petronilla akasikia kwa muuza samaki kwamba mumewe ameoa Busia. Mke huyo aliitwa Sheilah Aloo, msichana wa Osieko kando ya ziwa, ambaye mama yake alikuwa akileta samaki sokoni.

"Nilimuuliza yule mama wa samaki aliyeniletea habari, huyo msichana yukoje? Akaniambia, ni mrefu, na meno yake ni mazuri. Nikaacha samaki yangu hapo sokoni. Sikula samaki mwaka mzima."

Egwang alikuja nyumbani kusema mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Petronilla hakulia wala hakurudi kwa baba yake. Anasema jambo moja tu lilimtuliza: mumewe aliondoka na nguo zake na redio, akaacha kitanda.

"Angegusa kile kitanda, ningemfuata Busia na shoka."

Kwa zaidi ya mwaka mmoja hakumwona mke mwenzake. Alikuwa akimjenga kichwani. Akisikia mtu ametoka Busia, aliuliza habari za bei ya sukari, kisha za barabara, kisha, kama aliyekumbuka ghafla, za nyumba mpya anayojenga Egwang. Aliambiwa ina vigae. Aliambiwa ina maji ya bomba ndani. Aliambiwa kuna chumba kizima kwa ajili ya jikoni.

"Hiyo ya jikoni iliniuma kuliko vigae," anasema.

Kisha zikaja mvua za El Nino, mwishoni mwa mwaka 1997. Barabara zilikatika, malori yakazama matopeni, na mafundi wengine wa Malaba wakakaa bila kazi kwa sababu hakuna vanishi iliyokubali kukauka. Petronilla alikuwa na kazi kuliko wakati wowote. Siku moja mchana Egwang akaingia karakanani, suruali ya suti imepandishwa hadi magotini, viatu mkononi.

Petronilla anayasimulia mazungumzo hayo kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbele yake.

"Mama Velma, kuna kazi Busia," Egwang alisema. Velma ni binti yao wa kwanza.

"Ya nani?"

"Ya jikoni."

"Nimeuliza ya nani, Baba Velma."

"Ya mama wa kule."

Petronilla aliendelea kukata. Egwang akasimama akieleza huku maji yakimdondoka. Alikuwa amemwita fundi mwingine, akamnunulia plaiwudi iliyoiva ya jikoni zima. Fundi akaipigilia misumari usoni. Mlango mmoja ulipokuwa mpana akaupiga randa, vanishi ya kiwandani ikatoka vipande vipande. Akajaribu kuficha kwa kupaka vanishi ya mkebe juu yake, na kwa mvua ile ikabaki inanata hadi wadudu wakagandia. Fundi akatoweka. Plaiwudi iliyosalia ilikuwa imeegemezwa ukutani, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Hakuna mwingine anaijua hii kitu kama wewe," Egwang alisema.

"Unaona haya kuniuliza?"

"Naona."

"Basi ni vizuri. Nenda, nitafikiria."

Anakiri bila kusita kwamba jambo la kwanza alilofikiria ni kuiharibu kazi. Si kwa njia ya wazi. Alijua namna ya kuikata milango ipungue kidogo upande mmoja, ili kila ikifungwa ijifungue yenyewe, na mwenye jikoni ahangaike nayo maisha yake yote bila kujua tatizo liko wapi. Aliufurahia mpango huo siku nzima.

Lakini kulikuwa na jambo lililomvuta zaidi.

"Nilitaka kuona," anasema. "Mwanamke akiwa na wivu, hataki kuambiwa tena. Anataka kuona na macho yake."

Akamtumia Egwang jibu: atafanya kazi, kwa sharti moja. Sheilah aje Malaba yeye mwenyewe apimwe.

Sharti hilo halikuwa la uongo. Petronilla humpima kila mwenye jikoni. Mteja husimama wima bila viatu, akakunja mkono, naye Petronilla hupima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha hupunguza upana wa kiganja. Huo ndio urefu wa meza ya kufanyia kazi, ili mwenye kukata sukuma wiki asiumwe mgongo. Lakini hakatai kwamba angeweza kumtuma mtu na kamba.

Sheilah alikuja, mtoto mchanga mgongoni, mwavuli umevunjika upande mmoja. Alikuwa mrefu kweli. Meno yake yalikuwa mazuri kweli.

"Vua viatu," Petronilla alimwambia, bila salamu.

Sheilah akavua. Vilikuwa viatu vyekundu vya kisigino, vimejaa matope. Akasimama kwenye mbao za sakafu, akakunja mkono. Petronilla akapiga magoti miguuni pake na futi kamba. Anasema alimtazama kwa makini kama anavyotazama ubao kabla ya kununua: vidole vya miguu, kovu dogo kwenye goti, bangili ambazo yeye hakuwahi kununuliwa. Mvua ilikuwa ikipiga mabati juu yao.

Kisha Sheilah akauliza.

"Mama Velma, unanipima jikoni ama jeneza?"

"Jeneza hatupimi kiwiko," Petronilla alijibu.

Wote wawili walitaka kucheka, na wote wawili wakajizuia.

Wiki iliyofuata alikwenda Busia na vifaa vyake katika gunia. Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma, mbali na kelele za mpakani. Aliingia akaona kila alichokuja kuona. Aliona kioo cha mumewe cha kunyolea kimetundikwa bafuni. Aliona redio. Aliona kwamba mashati yake yanapigwa pasi vizuri, na hilo likamkasirisha pia.

Jikoni aliona uharibifu wa fundi aliyetangulia. Akapanga vipande vilivyopona, akahesabu kichwani vinavyotosha nini, akafungua blanketi lake sakafuni.

Ndipo mpango wake wa kuharibu milango ukamtoka. Anasisitiza haukutolewa na huruma.

"Nilifikiria hivi. Nikiharibu, huyu msichana atasema mke mkubwa hajui kazi, na Baba Velma atamwamini. Lakini nikiitengeneza vizuri sana, kila akifungua mlango atajua ni mkono wangu. Akitoa chumvi, mkono wangu. Akiweka sufuria, mkono wangu. Nikaona hiyo ndiyo itamuuma zaidi."

Akatengeneza vizuri kuliko alivyowahi kutengeneza. Kuta za nyumba hazikuwa zimenyooka, kwa hiyo alichonga mgongo wa kila kabati ufuate upindaji wa ukuta, hata wembe usipite. Aliyapanga mapande ya plaiwudi ili mistari ya mbao itembee kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kukatika. Ukanda wa mvule aliufanya mwembamba, ukawa kama pindo la nguo ya harusi. Sheilah alikaa kwenye kigoda mlangoni akinyonyesha, akimtazama. Kwa siku zote za kazi walizungumza habari za chai na za mtoto, basi.

Petronilla alipofunga bawaba ya mwisho, alifungua mlango kwa kidole kimoja na kuuachilia. Ukajifunga taratibu, ukashikwa na sumaku, ukatoa mlio mdogo.

"Nilirudi Malaba nikiwa na furaha mbaya," anasema. "Furaha ya mtu ambaye ameacha kitu chake ndani ya nyumba ya adui."

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Februari mwaka huu wa 1998 mwanamke mmoja wa Nambale alifika karakanani. Alikuwa ametembelea nyumba moja Busia, akaona makabati ambayo hajawahi kuyaona. Alitaka kujua kama fundi wa Malaba anaweza kujaribu kuyaiga.

"Yenyewe yalitoka Nairobi," yule mwanamke alieleza. "Lakini Nairobi ni mbali. Hata ukifanya ambayo yanakaribia tu, nitashukuru."

"Nani amekwambia yalitoka Nairobi?"

"Mwenye nyumba. Mama Sheilah."

Petronilla anasema siku aliyosikia kwamba mumewe ameoa, moyo ulimuuma. Lakini siku hii ulichemka. Alimwomba mgeni wake asubiri siku nyingine, akachukua bisibisi moja, akaifunga kwenye leso, akaenda Busia.

Sheilah anakumbuka vizuri. Mwandishi alimkuta nyumbani kwake, akipika chai katika jikoni lenyewe.

"Aliingia kama askari," Sheilah anasema. "Nikamwambia karibu Mama Velma. Hakujibu. Akaenda moja kwa moja kwa kabati, akafungua mlango, akaanza kutoa skrubu. Nikauliza, unafanya nini? Akasema, narudisha Nairobi."

Petronilla anajua ilipo kila skrubu, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka. Mlango wa kwanza ukatoka. Wa pili. Aliuegemeza kila mmoja ukutani kwa uangalifu, juu ya taulo, usije ukakwaruzwa. Alipofika wa tatu Sheilah akaanza kulia, na si kilio cha kuomba msamaha.

"Nilimwambia, ulitaka niseme nini?" anasimulia Sheilah. "Niseme jikoni yangu imejengwa na bibi mkubwa wa bwanangu? Wageni watacheka. Watasema hata mahali ninapopikia ni pako. Nilimwambia, wewe unafikiri ni wewe tu uko na wivu? Baba Velma akila chakula hapa, anagusa hiyo mlango, anasema, angalia mkono wa Mama Velma. Kila siku. Ugali iko mbele yake, mimi niko mbele yake, na anasifu mlango!"

Petronilla hakuwa anajua hilo. Alisimama na bisibisi mkononi. Anasema alijaribu kuficha uso, lakini Sheilah aliona kwamba habari hiyo imempendeza, akazidi kukasirika.

Mwishowe Petronilla alirudisha milango miwili. Wa tatu, ule wa kabati lililo katikati, mahali ambapo kila anayeingia hupeleka macho kwanza, aliufunga kwa leso na kuondoka nao.

"Nilimwambia, siku utasema jina la fundi, utapata mlango."

Egwang alikuja Malaba kudai. "Rudisha mlango wa watu," alimwambia mkewe.

"Mimi sina mlango wa mtu. Ule wenu si ulitoka Nairobi?"

Egwang akageuka akaenda zake.

Kule Busia, Sheilah alitundika kitenge pale palipokosa mlango. Kwa muda kilimfaa. Wageni wakiuliza, alisema bawaba imeharibika. Lakini kitenge katikati ya makabati yale kilikuwa kama jino lililong'oka, na kila aliyekuja alikitazama. Siku moja kikundi cha akina mama wa kanisani kilipokutana kwake, mmoja wao akanyanyua pindo la kitenge na kuuliza mlango uko wapi.

"Nilikuwa nimechoka," anasema Sheilah. "Nikasema, mlango uko kwa fundi. Wakauliza, fundi gani, yule wa Nairobi? Nikasema hapana. Fundi ni mke mwenzangu, Mama Velma wa Malaba. Nikangoja wacheke. Unajua walisema nini? Mmoja akauliza, anaweza kuja kwangu pia?"

Habari zilifika Malaba kwa njia ya wateja. Mwanamke wa Nambale alirudi na wenzake, akasema ametumwa na Sheilah. Petronilla akamwambia arudie. Akarudia: ametumwa na Sheilah, mke mwenza wa Mama Velma.

Siku hiyohiyo alifunga mlango kwenye baiskeli ya boda boda hadi kwenye gari la Busia, akaupeleka mwenyewe. Aliupachika bila haraka. Sheilah akamshikia upande wa chini.

Ndipo, kwa mara ya kwanza, wakakaa chini wakanywa chai pamoja. Sheilah, ambaye ni Mjaluo, alimwambia kwamba kwa lugha yao mke mwenza huitwa nyieka, na wivu huitwa nyiego.

"Nikamwambia, angalia, ni neno karibu moja," anasema Sheilah. "Wazee wetu hawakutaka kudanganya mtu."

Msomaji asidhani kwamba wawili hao sasa ni marafiki. Ukimuuliza Petronilla, atakunja uso.

"Sisi si marafiki. Akivaa nguo mpya, mimi huuliza ametoa wapi. Juzi nimesikia Baba Velma amemnunulia friji, sikulala vizuri. Na yeye akisikia mtoto wangu amepita mtihani, anamnunulia wake daftari, na hata kutembea bado. Tunaangaliana hivyo."

Egwang, aliyepatikana ofisini kwake mpakani akiwa na rundo la makaratasi ya malori, hakutaka kusema mengi. Alipoulizwa kama anafurahi kwamba wake zake wanazungumza, alizungusha kalamu mezani.

"Zamani nikifika Busia nilikuwa naulizwa, umetoka wapi," alisema. "Sasa nikifika, naambiwa nilikotoka. Nikifika Malaba, ni hivyohivyo. Wanajua kila kitu. Mimi ndiye nimebaki nje." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa: "Hata hawaniambii wanazungumza nini."

Kazi imeongezeka tangu Sheilah alipolitaja jina la fundi. Sasa wateja wengi wanatoka Busia, na kuwabebea makabati kutoka Malaba kumekuwa shida. Plaiwudi iliyoiva haipendi safari. Kila shimo la barabara ni mkwaruzo, na mkwaruzo hauna dawa. Mara mbili tayari Petronilla amelazimika kutengeneza upya mlango uliosuguana na kamba njiani. Ada za shule za watoto wanne zinategemea karakana hiyo, kwa kuwa fedha za Egwang, kama anavyosema yeye, "zinafika Malaba zikiwa zimechoka."

Kwa hiyo ana mpango. Mwezi Agosti atafungua karakana ya pili Busia, katika chumba kilichokuwa na kinu cha kusaga mahindi. Kina sakafu ya saruji, paa halivuji, na mlango ni mpana kiasi cha kupitisha ubao mzima bila kuuinamisha.

Aliyemwonyesha chumba hicho ni Sheilah. Kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango lake.

"Nilimuuliza, kwa nini unaniletea karibu hivi?" anasema Petronilla. "Akaniambia, afadhali uwe hapo nikuone na macho yangu, kuliko kukaa hapa nikisikia ukisifiwa. Nikaona hayo ni maneno ya maana. Kwa sababu mimi pia nataka kuona gari ya Baba Velma inaingia kwake saa ngapi, na inatoka saa ngapi."

Tayari ameongea na mchoraji wa mabango. Bango litakuwa refu kama ukuta wenyewe, herufi nyekundu juu ya rangi nyeupe: PETRONILLA AKIROR, FUNDI WA MAKABATI YA JIKONI. Mchoraji alimshauri aliweke upande wa barabara kuu, ambako madereva wote wa malori wangeliona. Alikataa.

"Dirisha la sinki yake linaangalia ule ukuta," anasema, akiinuka na kukung'uta magoti. "Kila siku akiosha sahani, atanisoma."